Mwaka Nilipokuwa Sauti ya Mwalimu

Nilipokuwa darasa la nne mjini Likasi, Katanga, mwalimu wetu alipoteza sauti siku moja kabla ya kufunga shule. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kiangazi cha kwetu ikituuma masikio kila asubuhi, na juma zima alikuwa ameshinda uwanjani akitufundisha nyimbo za kumsifu rais na chama kwa ajili ya gwaride. Sisi tuliimba kivivu. Yeye aliimba kwa niaba yetu sote, mpaka koo likakataa.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye asili ya mkoa wa Kasai. Baba yake aliletwa Katanga zamani kufanya kazi ya mgodi. Abakosti yake ya kijivu, lile koti la kuvaliwa bila tai, ilikuwa imepigwa pasi hadi vifuniko vya mifuko. Tulimwogopa, lakini ukiugua alikuja kwenu jioni kwa miguu, akakaa kidogo kando ya mkeka wako, akaondoka bila kusema mengi. Kwa hiyo tulimpenda pia, kila mmoja kimyakimya.

Kesho yake, siku ya proklamasio, wazazi walijaa uani kusikiliza matokeo. Kulikuwa na wababa waliotoka zamu ya usiku kiwandani, macho mekundu, na wamama waliofunga watoto mgongoni. Zamu ya darasa letu ilipofika, mwalimu alisimama mbele, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Watu wakacheka kidogo. Akanionyesha kwa kidole.

"Weye uko na sauti ya nguvu," alininong'oneza. "Nitakuambia mu sikio, weye utasema."

Nilipanda juu ya kiti. Yeye alinong'ona, mimi nikapaaza, kuanzia mtoto wa kwanza. Jina langu lilipofika nililitangaza kwa heshima kama la mtu mwingine, uwanja ukaangua kicheko, na mama akajificha uso kwa kitenge.

Kisha tukafika kwa wanaorudia darasa. Hapo mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kuongeza neno la kuchoma, na kila mzazi aliliogopa. Mwaka ule alikuwa mmoja tu: msichana tuliyekaa naye benchi moja. Mama yake alisimama mstari wa mbele, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani.

"Sema: uyu alilala mwaka muzima," mwalimu alininong'oneza. "Mama yake amuamushe."

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwaruza udongo mwekundu kwa kidole cha mguu.

"Mwalimu anasema: uyu atarudia darasa la ine," nilipaaza. "Na ye mwenyewe atamungojea mwezi wa tisa, atamuikalisha mbele."

Mkono wa mwalimu ulinishika bega. Nilijua sasa napigwa. Alijaribu kusema, akakohoa tu, na kabla kikohozi hakijaisha, yule mama alikuwa amekunja magoti kidogo, anapiga makofi taratibu kama wamama wa kwetu wanavyoshukuru.

Watu walipotawanyika, yule mama alitufuata.

"Mwalimu, asanti. Minye nilizania utamufukuza. Mwaka uyu nilimubakisha ku nyumba juu ya hawa mapasa. Siko na mutu mwingine wa kunisaidia."

Mwalimu aliwatazama wale watoto. Alishika unyayo wa mmoja uliochomoza kwenye kitenge, akaufunika vizuri kwa sababu ya baridi. Mama alipoondoka, aliniinamia.

"Nilisema vile?"

"Apana, Mwalimu."

Nilingoja kofi. Aliusugua mdomo wake kwa kiganja, na nadhani alikuwa anaficha tabasamu.

"Lakini sasa nimesema," alinong'ona. "Batu bote balisikia."

Mwezi wa tisa mimi nilipanda darasa la tano, na rafiki yangu akakalishwa benchi la mbele. Asubuhi nyingine alichelewa kwa kuwaogesha wale mapacha. Mwalimu, aliyewafungia nje wachelewaji wote, alimwachia mlango wazi, akaendelea kuandika ubaoni bila kugeuka. Rafiki yangu alinisimulia hayo wakati wa mapumziko, tukiwa tumeegemea ukuta wenye jua, na alipomwiga mwalimu anavyojifanya hamwoni, tulicheka hadi kengele ikalia.