Sahani ya Mariamu

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watu wanane katika ua wa wodi ya akili. Alikuwapo Daktari, mkuu wa wodi. Alikuwapo Sista Msimamizi, ambaye sote tulimwita Masera. Alikuwapo Gaspardi, mlinzi wa lango. Alikuwapo Mariamu, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, amefungwa kamba mikononi, na kaka yake Hamisi, aliyeshika ncha ya kamba hiyo kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni. Nilikuwapo mimi, Konsolata, mwenye miaka kumi na tisa. Walikuwapo pia wadogo zangu, Damiani na Espérance, kwa sababu mama alikuwa amemfuata baba kaburini na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwaachia. Nawataja wote kwa sababu baadhi yao hawajaandikwa popote pengine.

Ulikuwa mwaka 1990. Daktari aliniuliza nimesoma hadi wapi.

"Sekondari mwaka wa pili, Daktari. Nikaacha."

"Basi mfungue huyo mama."

Hamisi akaruka. "Daktari, huyu iko mkali! Atamuuma huyu mtoto."

"Akimuuma," alisema Masera, "tutajua kama kazi anaiweza."

Mafundo yalikuwa yamekazwa hasa, na kucha zangu zilishindwa. Nikainama, nikalivuta la mwisho kwa meno. Mariamu alinitazama, akasema, "Masikini. Una njaa kiasi hicho? Unakula kamba?" Hata Masera alicheka. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna vyeti. Sisi wahudumu tulifundishwa na zamu. Asubuhi tulikabidhiana wodi kwa rejista: nani amelala, nani amekula, nani ameficha kidonge chini ya ulimi. Tulijifunza kwamba haldoli, ile dawa ya kuzima sauti za kichwani, humkausha mgonjwa kinywa na kumkaza shingo, kwa hiyo unampa maji kabla hajaomba. Masera alitufundisha kutosimama kamwe nyuma ya mgonjwa, na kutomwita kwa namba ya kitanda.

Lakini kazi iliyoitofautisha wodi yetu ilikuwa kurudisha. Daktari alikuwa amesomea Ulaya, lakini jambo hili hakulileta kutoka huko. Mgonjwa alipopona, hakuachiwa langoni. Daktari alimsindikiza kwa miguu hadi kwao, akaketi naye nje, mahali majirani wanapoona, wakala sahani moja. Alikula taratibu, kwa mkono, mpaka ikaisha. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Hawa watu hawaogopi ugonjwa, Konsolata. Wanaogopa mate yake. Wakiona mimi sifi, kesho watamkopesha chumvi." Mariamu alirudishwa hivyo mara ya kwanza, na cherehani yake ikapata wateja tena.

Vyama viliporuhusiwa, Daktari aliingia katika siasa, upande wa wapinzani. Siku aliyotuambia, Masera aliweka chini trei ya dawa.

"Daktari, vichaa wa humu ndani hawakutoshi?"

"Wa humu ndani wanapona, Masera."

Hakutuacha kabisa. Alikuja kila Alhamisi, sauti imemkauka kwa mikutano, kurudisha waliopona. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Nilikuwa naye alipomrudisha kijana mmoja, na majirani hawakumtazama kijana hata kidogo. Nusu yao walikuja kumpigia makofi Daktari. Nusu waliingia ndani wakafunga milango. Kijana alikula kichwa chini. Tuliporudi langoni, Daktari akasema, "Sasa utakwenda wewe. Nikiketi mimi, wanaona chama. Ukiketi wewe, wataona mtu anakula."

Sikuwahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho. Nilirudisha wengi, na nilikula kila kitu, hata mahali ambapo chakula chenyewe kilikuwa viazi viwili na aibu.

Mwisho wa mwaka 1993 Mariamu aliletwa tena. Alikuwa ameacha vidonge. Kufikia Februari alikuwa amepona, anadarizi mashuka ya wodi bila kuombwa, na Alhamisi moja nikamtoa. Tulishuka Biryogo tukizungumza juu ya bei ya nyuzi. Katika ua wao kulikuwa na wapangaji wapya, wasiomjua ila kwa sifa za kamba. Nikatandika mkeka mbele ya chumba chake, nikaketi, nikaomba sahani.

Jirani mmoja alishika kiuno. "Wewe dada, unatoka wapi? Hii iko Ramadhani. Saa hii utakula na nani?"

Mimi ni Mkatoliki. Nilikuwa nimehesabu vidonge, nimeandika rejista, nimefua hata kanga yake. Mwezi sikuutazama. Nilimgeukia Mariamu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenirudisha kitandani mpaka Idi," alisema. "Ngoja futari basi. Si mbali."

Siku zile mji ulikuwa mbaya. Vijana wa vyama walifunga njia jioni, na wadogo zangu walikuwa peke yao. Nilisema siwezi kungoja. Nilisema, "Nitakuja Idi, tule." Majirani walinitazama nikikunja mkeka. Walichoona ni mhudumu wa hospitali aliyekataa kula na kichaa wake.

Idi ilipofika nilikuwa zamu. Ningeweza kubadilishana na mwenzangu, sikubadilishana. Nilimtuma Espérance apeleke mchele na sukari. Alirudi na sukari ileile.

"Mchele amepokea. Amesema sahani haitumiwi mtu. Amesema atakungoja."

Wiki chache baadaye ikawa Aprili, na mauaji ya kimbari yakaanza. Daktari aliuawa asubuhi ya kwanza, nyumbani kwake. Gaspardi ndiye aliyetuletea habari, akiwa ameshika kofia mkononi. Mimi nilifungiwa wodini na wagonjwa, njia zote zimezibwa. Damiani aliuawa nyumbani. Espérance alikimbia kuelekea mlango mmoja tu alioujua Biryogo.

Mengine nilisimuliwa na Espérance. Mariamu alimlaza nyuma ya cherehani, akamfunika vitambaa vya wateja. Wasakaji, wale waliokuwa wakiwinda watu wa kabila letu, walipoingia uani, jirani yule wa Ramadhani aliwaambia, "Humo iko kichaa. Anauma. Hata hospitali wanamwogopa." Mariamu akatoka akasimama mlangoni na kamba mdomoni, anaitafuna. Walicheka, wakapita. Walirudi mara mbili, na mara mbili alikula kamba mbele yao.

Nimeligeuza jambo hili kwa miaka mingi. Kama ningekula siku ile, majirani wangeuzoea mlango wake, na labda wasakaji pia wangeingia. Huenda jirani yule alijua kila kitu, akasema aliyoyasema kwa makusudi. Sijui. Lakini siwezi kujipongeza kwa kosa. Daktari hakunituma kumfanya mtu aogopwe.

Mwezi Juni Mariamu alitoka na dumu kutafuta maji, bomu likaanguka karibu na bomba, likamuua. Espérance alimngoja siku mbili chini ya vitambaa, kisha Hamisi akaja kumchukua.

Nilifanya kazi hiyo hadi nilipoomba kustaafu mapema. Wodi ilijengwa upya, Masera alizikwa, wakuu wapya walikuja na magari ya kurudishia wagonjwa. Nilipanda magari hayo, lakini nikifika nilishuka na kuomba sahani. Baadhi yao walinicheka. Wengine waliacha kucheka walipoona majirani wakisogea.

Nilipostaafu nilikwenda kwa Hamisi siku ya Idi. Alikuwa mzee, mkono wake wa kamba umekonda. Nikamwambia nimekuja kula sahani ya dada yake, ile niliyomwahidi. Aliingia ndani akakaa sana. Alitoka na pilau katika sahani mbili, yangu na yake, akaziweka mbalimbali juu ya mkeka.

"Kula, dada, karibu sana," alisema. "Lakini ile ya Mariamu, mimi siwezi kuila kwa niaba yake."

Tulikula, kila mtu yake. Ilikuwa pilau nzuri. Nilipomaliza nilinawa, nikashukuru, nikaondoka na deni langu lilelile.