Ua Linalongoja Jua

Glenys Tranter aliwapikia watoto wa shule maisha yake yote ya kazi, na kila Jumamosi ya majira ya maua aliingia msituni na wenzake kutafuta okidi. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Macho ndiyo yaliyokuwa yakimwacha, tena yalianza kuzimika katikati. Akimtazama mtu aliona masikio na nywele, uso haupo. Daktari alimwambia doa lile la katikati litazidi kupanuka. Basi msimu huu alitamani kitu kimoja tu: alione ua la buluu, ile okidi ya jua, likiwa wazi. Ua hilo halifunguki bila joto. Siku ya mawingu hufumba kama mtoto aliyekataa uji.

Na asubuhi ile mawingu yalikuwa yametanda juu ya mijara yote, ile miti mirefu ya msitu. Langoni walisugua viatu kwa brashi na kuvinyunyizia spiriti, wasije wakaingiza udongo wenye ugonjwa unaoozesha mizizi.

"Sugua na kisigino, Rex," alisema Beryl, kiongozi wao. "Kila mwaka unataka kutuulia msitu."

"Nimesugua mpaka soli imeomba msamaha, mama."

Wakaingia mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu akikanyaga alipokanyaga wa mbele. Glenys alishika mkanda wa mkoba wa Rex. Kasuku weusi walipita juu wakilia kama milango mikuukuu, na majani yenye umande yalinukia dawa ya kifua. Alijihisi kama anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Beryl akainua mkono. Wote wakaganda. Ndiyo ada yao: mtu akiona ua, hakuna anayesogea ovyo, wala apigaye magoti bila kuangalia nyuma yake, maana wengi wameshaponda ua adimu kwa makalio huku wakipiga picha ua la kawaida.

"Lipo," Beryl alisema. "Lakini limefumba."

Wakakaa kwenye gogo, wakamimina chai. Mawingu hayakusogea. Bonde la pili lilikuwa bado linawangoja, na watu wakaanza kuangaliana. Rex akainama na kulipulizia ua pumzi.

"Wewe, unapoza uji?" Beryl aliuliza.

"Nalipasha joto."

"Kwa pumzi hiyo ya vitunguu? Litafumba mpaka mwakani!"

Glenys alicheka hadi chai ikamwagika gotini. Kisha akasema, "Nendeni bondeni, jamani. Mtanikuta hapa hapa."

"Bonde halina miguu," Beryl alijibu, akamwongezea chai.

Walikuwa wameshafungua keki wakati mwanga ulipopenya, kwanza kwenye magome, halafu chini. Petali zikaachana taratibu.

Glenys akapapasa nyuma yake, akapiga magoti, akalitazama ua. Hapakuwa na ua. Palikuwa na ukungu wa kijivu, na majani pembezoni.

"Umeliona?" Rex aliuliza.

Glenys aligeuza uso pole pole, akaukazia macho mti mkavu wa mbanksia ulio kando, kama mtu aliyesusa. Beryl akamgusa bega. "Pole, mwenzangu."

"Nyamaza kwanza, Beryl."

Pembeni kabisa mwa jicho palikuwa na kitu cha buluu, kinatetemeka, kama moto wa jiko la gesi alfajiri, kabla watoto hawajaja. Alipokifuata kilikimbia. Alipokiacha kikarudi, kikakaa.

"Lipo," alisema. "Geukeni nanyi. Tazameni mbanksia."

"Huu uliokauka?" Rex aliuliza.

"Huo huo."

Wakapiga magoti kwa safu, kila mmoja akiangalia nyuma yake kwanza, nyuso zote zikiwa kando na ua.

"Mimi silioni vizuri," Rex alinong'ona.

"Tulia. Usilifukuze."

Wakabaki hivyo mpaka wingu lilipofunika jua tena.