Tatizo Namba Moja la Mfumo Mpya

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya wakulima hapa Mbinga, siku ambayo mtaalamu wa kompyuta alikuwa anaboresha mfumo wao wa kuandikisha matatizo, ule unaokaa kwenye sava, ile kompyuta kuu iliyo chini ya meza ya karani. Alitoa agizo moja tu: yaliyotatuliwa yaachwe, yaliyobaki yahamishiwe kwenye toleo jipya. Karani, kwa kutaka kumpunguzia mgeni kazi, akayaandika yote kuwa yametatuliwa.

Toleo jipya likawaka. Matatizo: sifuri. Wakapeana mikono.

Ndipo akaingia mama mmoja kutoka kijiji cha Ruanda.

"Shikamoo, mama," karani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kufuatilia ile mashine yetu ya kumenya kahawa. Bado imekufa."

"Hilo limeshatatuliwa, mama. Tangu asubuhi."

Mama hakubishana. Alifungua fundo la kanga, akamwaga juu ya kaunta kahawa mbivu ya kujaa kiganja, imeshaanza kuchacha kwa kungoja mashine.

"Nusa."

Karani akanusa. Mtaalamu naye akanusa, akakunja uso.

"Sasa niandikie jingine. Andika: matatizo yetu yamefutwa na hiyo kompyuta."

Karani akaandika neno kwa neno. Papo hapo mfumo ukalisajili kuwa tatizo namba moja, na kwenye kioo pakatokea: "Asante kwa kuleta taarifa."

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mfumo mpya haufanyi kazi. Siku ya kwanza tu umepokea mashtaka dhidi yake wenyewe, ukayapa namba, na ukamshukuru mama kwa kuyaleta. Nitajieni ofisa mmoja anayeweza hivyo.