Siku Tulipofunga Ukurasa wa Mlima

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Wazaliwa wa Goma wanaojifanya hawauogopi mlima wetu wa moto, hao ni waongo tu. Hata hivyo kazi yangu ni kushinda na mlima huo mchana kutwa, katika maabara ya kupima mitetemo, nikilinda hifadhi ya data: kabati la diski nyingi zinazofanya kazi pamoja, ili kila kinachopimwa kule juu kiandikwe papo hapo na kisomwe upesi.

Kabati hilo lilikuwa na njia tatu za kuliingia. Sisi wafanyakazi tuliingia kila mtu kwa jina lake na neno lake la siri. Programu ya hesabu ilikuwa na ufunguo wake yenyewe, haikumwomba mtu ruhusa. Ilisoma maelfu ya mafaili kwa mkupuo, kisha ikatuambia moto uko wapi chini ya ardhi na kama unapanda. Raia nao walikuwa na ukurasa kwenye simu, wa kutazama mistari ikichezacheza, bila kugusa kitu. Njia tatu, lakini diski ni zile zile.

Asubuhi hiyo ardhi ilitetemeka mpaka vikombe vikaanguka. Ikatulia, ikarudia. Mama yangu alikuwa mtaani Majengo na binti yangu mdogo, na goti la mama ni bovu. Akikimbia bure ataumia njiani. Akibaki na moto ushuke, sitaki hata kumalizia. Nikampigia, nikamwambia wavae viatu wakae mlangoni, wasitoke mpaka nipige tena. Akaitika.

Nikawasha hesabu. Haikusonga. Mji mzima ulikuwa umefungua ukurasa kwa pamoja, na diski zilikuwa zinahangaika kuwaonyesha watu mistari wasiyojua kuisoma, huku programu inangoja. Nilitukana, Mungu anisamehe. Shefu wetu, mkubwa wa maabara, muzee mpole, alikuwa amesimama nyuma yangu akiuliza jibu litatoka saa ngapi. Nikamjibu vibaya kwamba tukiendelea hivi, mlima wenyewe utatujibu kwanza. Hakukasirika. Alifikiri kidogo, akasema nifunge ukurasa. Nikaufunga, na hesabu ikaanza kukimbia.

Sijawahi kusali hivyo mbele ya mashini. Jibu lilipotoka nililisoma, nikalisoma tena: moto uko chini sana, haupandi. Nikampigia mama huku machozi yananitoka. Nyuma ya sauti yake nikasikia honi, mbuzi, watoto wanalia. Walikuwa barabara ya Sake, wanautoka mji.

"Ukurasa ulikufa," alisema. "Watu wote wakasema wale wa kule wameshakimbia. Nikajua hata mutoto wangu ametuacha."

Nilimwambia asimame hapo alipo, nikatoka mbio, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona.

Barabara ilikuwa imejaa: magodoro, masufuria, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimepakiwa wazee na magunia. Kila nilipopita nilisikia neno hilo hilo, kwamba wenye kupima mlima wametoroka. Nikafunga mdomo. Wangejua aliyefunga ukurasa ni mimi, wangenipasua. Nilimkuta mama ameketi juu ya jiwe, goti limevimba, mtoto amelala mgongoni mwake.

Nikamwinamia, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mlima umetulia, turudi nyumbani. Mama yangu hajui kunong'ona. Akawatangazia walio karibu kwamba huyu ni binti yake, anafanya kazi kule wanakopima mlima, hajakimbia. Watu wakasimama. Baba mmoja mwenye godoro kichwani akaniuliza kama na wao warudi.

Nilikuwa na jibu moja tu la mashini moja, na mashini hukosea. Wote walikuwa wananitazama mdomoni. Nikasema warudi. Hakuna aliyesogea.

"Basi tangulia," mama akasema.

Tukampandisha kwenye pikipiki, dereva akaisukuma polepole. Nikambeba binti yangu, nikageuka kuelekea mjini, mlima ukiwa kushoto kwangu. Nyuma nikasikia miguu ya watu ikinifuata, mingi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.