Tarumbeta ya Baba

Tarumbeta niliyosafiri nayo Ulaya ilikuwa ya baba. Aliipuliza miaka mingi kwenye kikundi cha kanisa pale Kasoli, harusini na misibani, akitoka shambani kwenye pamba anaifuta kwa kipande cha kanga ya mama. Kifua kilipoanza kumsumbua, akanikabidhi. "Siku yangu ikifika," akasema, "usimwachie mtu mwingine anipulizie."

Okestra ya vijana iliponichagua, alicheka mpaka akakohoa. Msukuma akawapigie Wazungu samba ya Brazili! Nikamwahidi nitampigia simu aisikie.

Siku ya nne ya ziara simu yake ikawa haipatikani. Kaka akaniambia baba amelala. Kesho yake, amelala. Nikawaka. Nina ulimi mkali, sifichi. Nikamwambia kaka ana roho mbaya, ananionea wivu wa safari.

Kwetu msafiri hapewi habari ya msiba akiwa ugenini. Nalijua hilo tangu utoto, hata shangazi tuliwahi kumficha hivyohivyo, nami nilikuwa mmoja wa waliomdanganya. Lakini ya kwako huyaoni.

Jumapili mchana, wakati wa mazoezi ya mwisho, nikampigia tena kaka. "Mpelekee baba simu. Sikati mpaka anisikie." Akasema, "Haya, piga." Nikaiegemeza simu kwenye kiti, nikapuliza kile kipande changu cha samba kwa mbwembwe zote, wenzangu wakanipigia makofi, nami nikacheka. Upande wa pili palikuwa kimya kupita kiasi. Nikajua baba amefurahi, kashindwa kusema.

Wiki iliyofuata nilishuka Bariadi, kaka akanipokea bila kunitazama. Nyumbani Kasoli nilimkuta mama amenyolewa kichwa. Nikaelewa. Nyuma ya nyumba udongo ulikuwa bado mbichi. Nililia, nikamwomba kaka radhi kwa maneno yangu, nikamuuliza nani alimpulizia baba.

"Wewe," akasema. "Ulipopiga simu tulikuwa tumeshamshusha. Nikaweka sauti ya juu, watu wakanyamaza. Wanaume wakafukia mpaka ulipomaliza."

Basi nilimpulizia baba kama alivyoniagiza. Na nilikuwa nacheka.