Sumaku ya Ghislaine na Chupa ya Bernard

Saa moja asubuhi, ukungu bado umetanda juu ya malisho ya Gex, mashariki mwa Ufaransa. Ndani ya chumba cha mitambo, Ghislaine Burdet anapunguza taratibu umeme wa sumaku kubwa iliyo chini ya ardhi mpaka unakwisha. Kisha anaurudisha, safari hii ukipita kinyume.

Ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ijumaa anastaafu.

“Watu wananiuliza kama imeharibika,” anasema. “Nawaambia ni nzima, naigeuza tu isije ikatudanganya.”

Katika maabara hii ya fizikia hupimwa chembe ziitwazo charm, ambazo hazidumu hata kufumba na kufumbua. Kila moja ina pacha wake wa antimaada, yaani maada iliyo kinyume chake, na zina kituko chao: chembe yaweza kugeuka kuwa pacha wake kabla ya kuvunjika. Swali ni kama kwenda na kurudi huko ni sawasawa. Tofauti, kama ipo, ni ndogo mno, na mtambo ukiwa dhaifu kidogo upande mmoja unaweza kuizusha. Sumaku ndiyo inayopinda njia za vipande vya chembe hizo; ikigeuzwa, vilivyopinda kushoto hupinda kulia, na kasoro huvigusa vyote sawa. Baba yake Ghislaine, muuza jibini, alikuwa akipima mara mbili, akibadilishana pande za jibini na mawe kwenye mizani, kwa sababu hiyo hiyo.

Aliyemfundisha ni marehemu Bernard Jacquemoud, fundi mwenye domo. Walikula mkate meza moja, wakitaniana kutwa nzima.

“Alikuwa ananiambia, ‘We Ghislaine, mumeo hujamgeuza hivi,’” anakumbuka, na machozi yanamlengalenga. Amemwachia pengo kubwa.

Mwaka mmoja tofauti ilionekana. Bernard akafungua mvinyo, watu wakakumbatiana. Vipimo vilipoongezeka, tofauti ikayeyuka. Bernard akanunua chupa nyingine, akaifungia kwenye kabati la vifaa mpaka siku itakapothibitika. Alifariki chupa ikiwa imefungwa.

Sasa kipimo kipya kimekamilika, lakini jibu limefichwa. Ndiyo desturi yao: kompyuta hulichanganya na namba isiyojulikana na yeyote, ili mtu asivutie hesabu kwenye analolitamani. Litafunguliwa mwezi ujao, Ghislaine akiwa ameshaondoka.

Wiki iliyopita uvumilivu ulimwishia. Alimfuata Tancredi Valsecchi, mwanafizikia anayeongoza hesabu hizo, akamsihi amwonyeshe japo kidogo.

“Mama, hata mimi sijaliona,” Tancredi alimjibu. “Na Bernard angetusikia, angetufukuza wote wawili.”

Aliona haya, anakiri. Alikwenda kulia ndani ya gari.

Ijumaa atakabidhi funguo za kabati, ila chupa ataiacha humo. Siku ya kufungua jibu atarudi kama mgeni, na jibini la kwao lenye mistari ya buluu, aketi kwenye kiti cha Bernard.

Na tofauti isipoonekana?

Anatazama mshale wa kipima umeme ukipanda.

“Jibini tutakula,” anasema. “Chupa itabaki kabatini. Alisema mpaka ithibitike, na mimi siwezi kumdanganya marehemu.”