Kikohozi Nilichokifuta

Habari za kifo cha fundi aliyenifunza kurekodi zilinikuta nimevaa hedifoni, nakifuta kikohozi chake. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, mwanzoni mwa kasida tuliyoirekodi pamoja mwezi uliopita, lakini mimi chakula hakinipiti kooni mpaka kitu kama hicho kimetoka. Simu ilikuwa ikitetemeka mezani tangu adhuhuri. Nikaona ni dada yangu, nikajiambia atasubiri. Nilipomaliza nilisikiliza mara tatu pale kikohozi kilipokuwa, nikaridhika kwamba hapasikiki kitu, ndipo nikapokea. "Uko wapi wewe?" dada akasema. "Fundi wako kafariki. Wanazika alasiri." Wasomaji wangu mmeshazoea kunisikia nikiungama hapa mambo ya kipuuzi. Hili sijui niliweke fungu gani.

Studio yake ilikuwa Bububu, chumba cha uani cha nyumba yake mwenyewe, kuta kazibandika magodoro na trei za mayai alizozikusanya sokoni Darajani. Mimi kazi hii nilijifunza peke yangu, kwa video za kwenye simu, na aliyejifunza peke yake huishi na hofu kwamba kuna somo moja wenzake wote wamelisoma isipokuwa yeye. Kwa hiyo nilimwendea na daftari jipya, niandike kwa mpangilio majukumu yote ya fundi wa kurekodi wa zama hizi: nani anapanga maikrofoni, nani anachanganya sauti, nani anasema sasa imekuwa. "Andika, mwanangu," akaniambia. "La kwanza, jogoo."

Jogoo alikuwa wa jirani. Kila siku ya kurekodi fundi aliwasha mtambo kwanza, maana aliogopa kusahau, kisha akatoka uani, akamfunika jogoo kwa tenga na kanga juu yake ili adhani kumeshakuchwa, huku akimwomba radhi: "Dakika nne tu, bwana mkubwa." La pili lilikuwa mkewe, ambaye jikoni, upande wa pili wa ukuta, alikuwa akisaga mchele na nazi kwa mikate ya kumimina iliyoagizwa na watu. Fundi aligonga ukuta: "Mama watoto! Mashine!" Mkewe akaitika, "Naam!" na blenda ikanyamaza. Hadi wiki ya pili daftari langu lilikuwa na majukumu ishirini na moja, na hata moja halikuhusu kitufe.

Kisa kilichonimaliza ni cha bibi mmoja mwimbaji wa taarabu. Huyu kaimba maisha yake yote mbele ya watu wanaoinuka vitini kuja kumtunza kwa noti. Pale studioni, mbele ya godoro, sauti ilikataa. "Namwimbia nani?" akauliza. "Hili godoro?" Nikaanza kumweleza habari za maikrofoni na uwezo wake. Fundi alivua makubadhi, akachukua daftari langu, akachana ukurasa, akaukunja. Wimbo ulipoanza akaja kwa madaha, ananyata, kiuno kinacheza, ukurasa kauinua juu kama noti, akamtia bibi mkononi. Sauti ikafunguka. Ubeti wa pili, ukurasa wa pili. Mimi nilikuwa napunga mikono kama mtu anayezama, maana yale yalikuwa majukumu yangu ishirini na moja. Mwisho fundi akajisahau kabisa, akapiga kelele katikati ya kiitikio: "Eee wallahi! Usiniue, bibi!" Bibi akaondoka na kurasa zote kifuani.

"Fundi, umeniharibia," nilisema, karibu kulia.

"Daftari au wimbo?"

"Vyote!"

"Basi andika la ishirini na mbili: kutunza."

Wiki iliyofuata tulirudia kwa karatasi tupu, na fundi kajifunga leso mdomoni. Rekodi ile ya kwanza, sauti zao mbili zilivyokuwa zimesukana, haikusafishika. Niliificha ndani ya kompyuta, mahali nilipopaita Aibu.

Baada ya mazishi, mkewe akiwa ndani ya eda, nilikwenda kumwangalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nna haja na wewe." Alitaka sauti ya mumewe. "Picha zake ninazo tele. Picha haiiti mtu."

Kwenye simu haikuwemo. Fundi hakupata kutuma ujumbe wa sauti hata siku moja. Alisema maikrofoni ya simu inawadhulumu watu, akiandika kila kitu kwa kidole kimoja.

"Lakini nyinyi mkirekodi kila siku," mama akasema. "Nlikuwa nikimsikia humo. Atakuwemo, sio?"

Nikasema atakuwemo.

Hakuwemo. Nilipitia kazi zetu zote, kasida, nyimbo, tangazo la hoteli ya Kiwengwa, na fundi hayupo. Kila "haya, tayari" yake, kila kicheko, kila pumzi nilikuwa nimeiondoa kwa mkono wangu, na vile vipande nikavifuta visije vikasikika kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri sana. Siku ya tatu ndipo nikaikumbuka Aibu, na hata hapo, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililolifanya ni kuanza kumwondoa jogoo. Nilikuwa nimeshafika shingoni mwake, kama mchinjaji, nilipojiuliza namwondolea nani. Nikamrudisha.

Tulikaa jikoni, mama anachambua mchele, spika yangu ndogo juu ya meza. Jogoo akawika. Wa nje akamjibu kwa hasira. "Dakika nne tu, bwana mkubwa," fundi akasema, na mama akaacha kuchambua. Kisha ukuta ukagongwa. "Mama watoto! Mashine!"

"Naam!" akaitika, akainuka mbio, akanyoosha mkono hadi kwenye blenda. Blenda ilikuwa kimya, waya wake umefungwa. Akabaki amesimama pale, kidole juu ya kitufe. Nikataka kuzima.

"Usizime."

Wimbo ukapita, ubeti kwa ubeti, mpaka kile kiitikio. "Usiniue, bibi!"

Mama akageuka. "Bibi gani huyo anayemuua?" Nikamweleza habari za kurasa na kiuno, na akacheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akaniambia nirudishe nyuma, pale kwenye mashine. Safari hii aliitika amekaa.

Nilidhani fundi wa kurekodi ni mtu wa kuondoa kila kisichokuwa wimbo. Yeye alijua wimbo unatoka kwa watu, akaanza na watu, tena na jogoo wao. Kasida yetu ya mwisho imeshatoka, ni safi, wengi wananisifu. Mimi kila nikiisikiliza nakaa nakisubiri kikohozi pale mwanzoni.